Tunamdai Azam deni lisilo lake

Tangu CAF waihamishie Zanzibar fainali ya Simba na RS Berkane, kila kijiwe cha Mbagala kina mhandisi wake wa viwanja. Huyu anataka Azam Complex ifikishe watu 20,000, yule anasema 30,000 na paa juu. Juzi kwenye grupu letu la vijana mwenzetu mmoja akaenda mbali zaidi: eti sisi vijana wa upinzani tutoe tamko la kumtaka Bakhresa aongeze majukwaa pale Chamazi "kwa maslahi ya umma". Watu wakamiminia dole gumba. Mimi nikaandika neno moja tu, "hapana", nikaambiwa nimetumwa. Basi nimeona nijieleze hapa kwa kirefu, maana kwenye simu tunagombana tu.

Niweke wazi kabla sijaendelea: mimi ni Mwananchi, Yanga damu. Azam hawanilipi hata lambalamba. Na nimeshasimama kwenye foleni ya mageti ya Chamazi mpaka mechi ikafika dakika ya ishirini nikiwa bado nje na tiketi mkononi, kwa hiyo maumivu ya kukosa nafasi nayajua vizuri kuliko hao wanaoangalia kwenye kochi.

Hoja ya wenzangu inaeleweka. Dar es Salaam kwa sensa ya 2022 ina watu zaidi ya milioni 5.3. Ina timu mbili ambazo kila moja inaweza kujaza Kwa Mkapa, watu 60,000, siku ikiwa nzuri. Lakini Kwa Mkapa ni uwanja mmoja. Ukifungwa kwa matengenezo, au nyasi zikizidiwa na mvua kama ilivyotokea mwaka 2025, hatuna pa kwenda. Tarehe 25 Mei 2025 Simba walicheza mechi kubwa kuliko zote walizocheza kwa miaka mingi wakiwa "nyumbani" ng'ambo ya bahari, kwenye uwanja wa Amaan unaobeba watu 15,000. Sishangilii, ingawa mnajua ningependa kushangilia. Ile ilikuwa aibu ya nchi, sio ya Simba.

Ila kutoka hapo kuruka mpaka "Azam apanue" ndipo ninaposhuka kwenye gari.

Azam Complex inachukua watu 10,000. Klabu ilijenga kwa hela yake, kwenye eneo lake, haikusubiri mfadhili wala kuwachangisha mashabiki kwa namba ya simu. Walipanda Ligi Kuu 2008, wakachukua ubingwa msimu wa 2013/14 bila kufungwa hata mechi moja. Mwaka 2019 Afcon ya vijana chini ya miaka 17 ilipofanyika hapa kwetu, ilichezwa Kwa Mkapa (enzi hizo tukiuita Taifa) na Chamazi. Yaani nchi nzima, pamoja na viwanja vyote tunavyotajiwa majukwaani, kiwanja cha pili kilichopatikana kilikuwa cha klabu binafsi huku Chamazi. Hilo peke yake lingetosha kuwa mada ya kikao.

Sasa jiulizeni: Azam wenyewe wanahitaji viti vingapi? Nenda Chamazi siku Wanalambalamba wanacheza na timu ya mkoani. Utachagua kiti, utanyoosha miguu, utasikia kocha anavyofoka. Uwanja unaoonekana mdogo kwenye video zetu ni Chamazi ya Yanga au Chamazi ya Simba. Chamazi ya Azam inatosha na chenji inabaki.

Tupige hesabu kidogo, ya kijiweni tu. Ligi ina timu 16, kwa hiyo kila timu ina mechi 15 za nyumbani. Azam akiongeza viti 10,000, akauza tiketi buku tano tano, siku vikijaa vyote anapata milioni 50 za ziada kabla ya makato. Vitajaa mara ngapi? Mechi ya Yanga na mechi ya Simba. Na hata hizo, kuna misimu wao wenyewe wamezihamishia Kwa Mkapa au Amaan. Tuseme milioni 100 kwa mwaka, na nimekuwa mkarimu. Jukwaa la zege la watu 10,000 halijengwi kwa milioni 100, wala kwa milioni 100 mara kumi. Mfanyabiashara gani mwenye akili atafanya hivyo?

"Lakini Yanga na Simba watakodi." Hapo sasa. Hebu tukumbushane Novemba 2024. Yanga tulikuwa tunatumia Chamazi kama nyumbani. Tukafungwa na Azam 1-0, siku chache baadaye tukafungwa na Tabora United 3-1, zote palepale. Tukafanya nini? Tukafungasha, tukahamia KMC Complex kule Mwenge, kiwanja kidogo kuliko hata Chamazi. Wengine walisema kiwanja kina mkosi. Mimi sikatai wala sikubali, ila nasema hivi: mpangaji anayehama kwa sababu ya mkosi huwezi kumjengea ghorofa.

Kuna jambo lingine ambalo wenzangu hawalitaji. Mwaka 2021 Azam Media walisaini na TFF mkataba wa haki za matangazo ya ligi, miaka 10, Shilingi bilioni 225.6. Azam Media na Azam FC ni watoto wa nyumba moja. Kwa nyumba hiyo, shabiki aliyekosa tiketi hajapotea. Amerudi nyumbani kulipia king'amuzi, au amekaa kibanda umiza ambako mwenye kibanda amelipia. Sisemi wanafanya hila, biashara ndivyo ilivyo. Lakini ukienda na tamko lako la "maslahi ya umma" kwa mtu ambaye anakuuzia mechi ukiwa ndani na anakuuzia ukiwa nje, usitarajie atatetemeka.

Halafu kuna sisi tunaokaa huku. Siku ya mechi kubwa barabara ya kutoka Rangi Tatu inasimama. Njia ya mwendokasi inaishia Mbagala. Kuja Chamazi ni daladala nyingine au bodaboda, na siku hiyo bodaboda bei anapanga yeye. Mechi ya saa 1 usiku ikiisha, watu 10,000 wanatokea kwenye barabara hiyohiyo, gizani, pamoja na mama ntilie na ndoo zake na watoto waliokuja na baba zao. Zidisha mara tatu halafu uniambie gari la wagonjwa litapita wapi. Na viti 20,000 vya ziada havikai hewani: vinataka maegesho na njia za kutokea, na eneo linalouzunguka uwanja ni nyumba za watu. Historia ya fidia kwenye nchi hii tunaijua, wengine tumeisoma, wengine imetupitia nyumbani.

Suala la mageti sio la kupita juu juu. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga na USM Alger, fainali ya kwanza, Kwa Mkapa, mtu mmoja alifariki na 30 wakajeruhiwa kwenye msongamano wa kuingia. Machi 2021, Uwanja wa Uhuru, watu 45 walikufa kwenye kumuaga Rais Magufuli. Hiyo ni idadi ya polisi wenyewe. Pale Kwa Mkapa viti vilikuwepo, 60,000. Tulichokosa ni mpango wa kuingiza na kutoa watu. Kwa hiyo mtu akija na hoja ya kupanua uwanja wowote, namuuliza kwanza mageti mangapi, upana gani, yanafunguliwa saa ngapi, na nani anawajibika yakifungwa. Majibu ya viti yatakuja baadaye.

Sasa turudi kwenye deni, maana deni lipo kweli. Mdaiwa ndio tumemkosea.

Kirumba, Mwanza. Sokoine, Mbeya. Sheikh Amri Abeid, Arusha. Jamhuri, Morogoro. Majimaji, Songea. Kambarage, Shinyanga. Ali Hassan Mwinyi, Tabora. Lake Tanganyika, Kigoma. Mkwakwani, Tanga. Nangwanda Sijaona, Mtwara. Samora, Iringa. Mmiliki wa viwanja hivi sio klabu, sio halmashauri, sio serikali. Ni CCM. Chama cha siasa, kama chama chetu, chenye kadi na bendera kama sisi.

Waulizeni wazee wa mikoa hiyo vilijengwaje. Enzi za chama kimoja mwananchi alichangia apende asipende. Kuna waliokatwa mshahara, kuna waliotoa zao la pamba au kahawa, kuna waliobeba mawe. Wakati huo hakukuwa na tofauti ya mali ya chama na mali ya umma, kwa sababu kisheria hakukuwa na chama kingine. Ulipokuja mfumo wa vyama vingi 1992, ilitakiwa pawepo siku ya kukaa mezani na kugawana: hiki cha chama, hiki cha watu. Siku hiyo haikuja. Wakaondoka na funguo mfukoni, na mpaka leo timu ya Mwanza ikicheza Mwanza inamlipa mwenye nyumba ambaye hakujenga peke yake.

Angefanya kazi ya mwenye nyumba ningenyamaza. Lakini kila msimu tunasikia Bodi ya Ligi imefungia uwanja fulani: nyasi mbovu, vyumba vya kubadilishia havifai, maji hakuna. Timu inafungasha kwenda kucheza "nyumbani" mkoa mwingine, mara nyingine hukuhuku Dar. Shabiki wa Tanga anayependa Coastal Union naye anageuka mtazamaji wa king'amuzi. Na mechi za CAF ndiyo kabisa, nje ya Dar na Zanzibar sahau. Matokeo yake ni kwamba mpira wote mkubwa wa nchi umerundikwa kwenye jiji moja, halafu tunashangaa Chamazi haitoshi! Haiwezi kutosha. Inabeba mzigo wa Kirumba na Sokoine.

Linganisheni na KMC Complex. Kidogo, ndiyo, na kina kasoro zake. Lakini mwenyewe ni Halmashauri ya Manispaa ya Kinondoni. Kodi ya uwanja inaingia kwenye mfuko ambao diwani wako anaweza kuuhoji kwenye baraza, na mkaguzi wa serikali anaufungua vitabu. Msimu wa 2024/25 ndicho kilichowapa Simba na Yanga paa. Halmashauri imeweza. Nyamagana na Ilemela zingeshindwa nini wakipewa Kirumba? Mbeya Jiji je?

Najua nitaambiwa Afcon 2027 inakuja, serikali inajenga uwanja mpya Arusha wa watu 30,000 hivi, tatizo linaisha. Uwanja mpya ni jambo jema, sina kinyongo nao. Ila ni Arusha ileile yenye Sheikh Amri Abeid katikati ya mji. Mabilioni ya mlipakodi yanajenga kipya, cha zamani kinabaki na chama. Mwenzangu mmoja alinijibu kwamba chama kinaweza kuviuza au kuviendeleza kikitaka. Sawa, ndilo tatizo lenyewe: kikitaka.

Na klabu zetu nazo tusizibebe mgongoni. Simba wana eneo Bunju, kiwanja cha mazoezi kipo, miaka inapita na uwanja wa mashindano bado ni michoro. Yanga tuna Kaunda pale Jangwani, bonde la Msimbazi; mvua ikinyesha tunapata bwawa. Timu mbili zenye mamilioni ya mashabiki, zinazouza jezi mpaka vijijini, zinapanga foleni kwa jirani aliyeanza juzi. Kama kuna tamko la kutoa kuhusu viti, sehemu ya kwanza ya tamko hilo ielekezwe Jangwani na Msimbazi. Nasema hivyo nikiwa mwanachama mwenye kadi.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kikao chetu kijacho: tuachane na barua ya kwenda kwa Bakhresa. Tuandike nyingine, yenye madai mawili. Moja, viwanja vilivyojengwa kwa michango ya wananchi kabla ya 1992 virudishwe kwa halmashauri vilipo, kwa sheria ya Bunge, na wanachama wetu wa kila mkoa wakusanye ushahidi wa wazee waliochangia wakiwa bado hai. Mbili, ya hapa kwetu: Manispaa ya Temeke itueleze mpango wa usalama na barabara siku za mechi Chamazi kwa watu hawahawa 10,000 waliopo. Jimbo jipya la Chamazi lilitangazwa mwezi Mei 2025, na wagombea huja kupiga picha na jezi. Wakifika, swali ni hilo la barabara na mageti.

Azam wakiamua wenyewe kuongeza jukwaa, kwa hesabu zao na kwa kuwalipa majirani wao vizuri, mimi nitakuwa wa kwanza kukata tiketi ya mzunguko. Ila wafungue mageti mapema. Dakika ya ishirini ni mbali sana.