Askari huhamishwa, jinai haihami

BARABARA YA NAMANGA
Na Nashipae Mutiso

Televisheni za Marekani zimejaribu zaidi ya mara moja kumpa mpelelezi umri usio na mwisho. Mwaka 2008 kituo cha Fox kilionyesha New Amsterdam, tamthilia ya mpelelezi wa mauaji jijini New York ambaye hapo zamani, katika karne ya 17, alikuwa askari wa Kiholanzi; tangu siku hizo hazeeki wala hafi. Mwaka 2014 ABC ikaja na Forever. Humo daktari mpasua maiti mwenye zaidi ya miaka 200 huwasaidia polisi, na kila akiuawa huibuka majini mzima, bila nguo. Cha kuchekesha ni kwamba tamthilia zenyewe zilikufa mapema. New Amsterdam iliishia kipindi cha nane, nayo Forever haikuvuka msimu wa kwanza.

Hata hivyo, naelewa kinachomvuta mtazamaji wa Kitengela kwenye hadithi ya namna hii, hata anapoitazama kwa simu ndani ya matatu iliyokwama Athi River. Shujaa huyu anakumbuka. Akiona jeraha, anajua lilipoonekana jingine kama hilo miaka 60 iliyopita, na nani alidanganya wakati ule. Haandiki barua makao makuu kuulizia faili. Faili ni yeye mwenyewe.

Sisi tuna Inspekta Mwala wa kutuchekesha. Mwaka 2021 Showmax ilituletea Crime and Justice, ambamo Sarah Hassan ni mpelelezi wa Nairobi anayefuatilia visa vinavyofanana sana na vile tunavyosoma magazetini. Ni kazi nzuri, lakini muda wa kipindi ni mfupi: maiti ikionekana mwanzoni, mtazamaji anatarajia jibu kabla ya kulala. Kajiado inajua kusubiri kwa namna nyingine kabisa.

Mapema Machi 1975, mchungaji wa Kimaasai alikuta mwili wa mwanamume kwenye kichaka cha vilima vya Ngong, katika kaunti hii yetu. Alikuwa J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, aliyeonekana mara ya mwisho akiondoka hoteli ya Hilton jijini Nairobi pamoja na mkuu wa kikosi cha GSU, Ben Gethi. Familia ikihangaika kumtafuta, gazeti la Daily Nation liliandika kwamba yuko Zambia. Wakati huo maiti yake ilikuwa mochari ya jiji, imeandikishwa kama ya mtu asiyejulikana. Kamati ya Bunge chini ya Elijah Mwangale ilichunguza na kutoa ripoti Juni mwaka huo huo. Hakuna aliyehukumiwa. Miaka mitatu baadaye Gethi alifanywa Kamishna wa Polisi.

Kisheria, kesi hiyo ingali hai. Nchini Kenya mauaji hayana tarehe ya kuisha. Mshukiwa anaweza kushtakiwa hata akiwa na mvi na vitukuu. Sheria yetu, kwa maneno mengine, tayari ni yule mpelelezi asiyekufa. Wanaokufa ni mashahidi. Wanaohamishwa ni askari. Afisa wa DCI anayeanza kuelewa kesi ya Ngong au Isinya hupokea barua ya uhamisho kwenda Garissa, na anayekuja anakuta kabati, karatasi, na daftari la OB ambalo huenda limepoteza kurasa. Mjane wa marehemu huanza upya: jina, kitambulisho, ilikuwaje. Akisimulia mara tatu bila kuona kitu, hachoki tu. Anaacha kwenda kituoni.

Suluhisho la haraka litakalomjia msomaji ni kwamba afisa mzuri aachwe alipo, azeeke na kesi zake. Mimi napinga. Polisi huhamishwa kwa sababu nzuri: anayekaa kituo kimoja mno hufahamiana na wauzaji pombe haramu, madalali wa ardhi na matajiri wa mji, na mwisho huwa wa kwao. Kitengela, mji ambao ploti moja huweza kuwa na wenye stakabadhi watatu, ingeumia sana mikononi mwa afisa asiyeondoka. Tena historia ya karibu inatuonya kwamba anayetafutwa huenda akawa ndani ya sare.

Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa baada ya kutoka Mahakama ya Mavoko, mwendo mfupi kutoka hapa. Mwenda alikuwa amemlalamikia afisa wa polisi aliyempiga risasi. Miili yao iliopolewa mtoni Ol Donyo Sabuk. Hukumu ilitolewa Julai 2022, na Februari 2023 Fredrick Leliman, yule afisa aliyelalamikiwa, akahukumiwa kifo. Maafisa wawili wenzake walipewa miaka 30 na 24, na mpasha habari wao miaka 20.

Kesi hiyo haikuokolewa na mtu mmoja mwerevu. Ushahidi ulitoka kwenye data za simu, kwenye maungamo ya mpasha habari, na kwenye karatasi ya chooni ambayo Mwenda aliandikia ujumbe wa kuomba msaada akiwa amefungiwa. Mawakili waliandamana na hawakusahau baada ya maandamano. Jaji Jessie Lesiit alipandishwa hadi Mahakama ya Rufaa mwaka 2021, lakini kesi aliyoianza Mahakama Kuu aliimaliza yeye. Alipanda cheo na faili hakuliacha nyuma.

Linganisha na yaliyotukuta humu mjini. Aprili 2021 wanaume wanne walitoweka baada ya kula pamoja katika klabu moja ya Kitengela, na miili ikaanza kupatikana kaunti nyingine, ikiwemo Murang'a. Agosti 2024 mwanaharakati Bob Njagi na ndugu wawili, Jamil na Aslam Longton, walitekwa hapa hapa. Jaji Lawrence Mugambi alimwita kaimu Inspekta Jenerali, Gilbert Masengeli, mara kadhaa aeleze waliko. Hakufika, na tarehe 13 Septemba akahukumiwa kifungo cha miezi sita kwa kudharau mahakama. Wiki moja baadaye watatu hao waliachiliwa wakiwa hai, na hukumu ile ikaondolewa baada ya Masengeli kuomba radhi. Tuliwapata watu wetu. Nani aliwashika kwa siku 32, hilo ni swali la faili, na faili hilo lisiachwe lizeeke.

Huku Kajiado mchungaji hapokei kundi bila kuhesabu ng'ombe mmoja mmoja mbele ya anayeondoka. Polisi nao wakabidhiane mauaji vivyo hivyo: afisa anayehama atie sahihi orodha ya kesi ambazo hazijatatuliwa, anayeingia atie yake, na nakala ibaki kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Familia ipewe jina la mrithi wa kesi kwa maandishi. Bunge lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kuunda ofisi huru ya kuchunguza vifo vya kutatanisha, kisha miaka ikapita bila ofisi hiyo kufunguliwa. Wabunge wetu waeleze kwa nini.

Baraza lijalo OCS atakapomaliza kutuonya kuhusu mihadarati na kelele za usiku, asimame mtu amuulize: mauaji mangapi hayajatatuliwa tangu kituo chako kifunguliwe, na kila moja liko mikononi mwa nani? Akisema yeye ni mgeni hapa, hajapitia mafaili, aombwe tarehe ya kurudi na jibu. Nasi siku hiyo tufike.