Kwa Nini Vijana Huacha Shule Mpakani

Askari alindaye mpaka wa Busia huona jambo lisiloandikwa katika kitabu cha zamu: vijana wa umri wa sekondari wakibeba mizigo saa za masomo. Wako wasemao kwamba kabila fulani halipendi elimu. Sisi hatukubali.

Uganda ilianza mpango wa sekondari bila ada mwaka 2007. Kenya ikafuata mwaka 2008. Lakini sare, chakula cha mchana na mwendo mrefu havikuondoka. Huko Mulanda, wilayani Tororo, mzazi mkulima hungoja mavuno ndipo alipe; yakipungua, mara nyingi binti ndiye atangulizwaye kurudi nyumbani. Mjini Busia shule i karibu, ila fedha ya mpakani i karibu zaidi. Shule za Uganda zilipofungwa Machi 2020, zisifunguliwe zote hadi Januari 2022, wapo walioonja fedha hiyo wasirudi tena darasani.

Basi tofauti si damu, bali njia ya riziki. Ndugu askari, kijana akikamatwa na gunia la magendo, sheria ifuatwe. Lakini mwenye gunia naye atafutwe, maana yeye ndiye akatizaye masomo ya mtoto huyo.