Vivumishi Havibani Chumba

Ni rahisi kuamini kwamba ufinyu wa chumba huelezwa kwa kurundika vivumishi: kidogo, chembamba, cha giza, cha kukaba roho. Imani hiyo ni potofu. Kivumishi humtaka msomaji aamini tu. Kinachombana hasa ni kuona mwili ukitaka kufanya jambo la kawaida na kushindwa.

George Orwell alilijua hilo. Katika The Road to Wigan Pier (1937) anaeleza chumba cha kupanga, kaskazini mwa Uingereza, chenye vitanda vinne. Miguuni pa kitanda chake kilikingamishwa kingine, vikagusana, maana bila hivyo mlango usingefunguka. Ikambidi alale amejikunja. Akinyoosha miguu, anampiga teke la mgongo mpangaji mwenzake. Baada ya hapo, nani anahitaji kuambiwa kwamba chumba kilikuwa kidogo?

Ushahidi mzito zaidi ni wa Harriet Jacobs, aliyetoroka utumwa huko North Carolina, Marekani, akajificha karibu miaka 7 darini, juu ya kibanda kilichoungana na nyumba ya bibi yake. Kitabu chake, Incidents in the Life of a Slave Girl, kilichapishwa mwaka 1861. Anaanza na vipimo, kama fundi seremala: urefu futi 9, upana futi 7, na kimo futi 3 pale palipoinuka zaidi. Vipimo peke yake visingetosha. Anaongeza kwamba paa liliteremka ghafla mno, hata akaweza kulalia ubavu mmoja tu. Akijaribu kugeukia wa pili, anagonga paa. Panya wakimpitia kitandani. Baadaye akatoboa matundu kwa kekee, apate hewa na kuwachungulia watoto wake, ambao hakuthubutu kuwaita.

Kosa la pili, linalozaliwa na hilo la kwanza, ni kudhani kwamba ufinyu ni suala la futi. Chumba cha The Yellow Wallpaper, hadithi ya Charlotte Perkins Gilman ya mwaka 1892, ni kikubwa, kina hewa na madirisha kila upande. Hata hivyo madirisha yana nondo, kitanda kimepigiliwa misumari sakafuni, na mume, ambaye ni daktari, hataki mkewe aandike. Vivumishi vya ufinyu hapo vingekuwa uongo mtupu, na bado mwanamke yule anabanwa hadi akili inamruka.

Emma Donoghue alikwenda mbali zaidi katika riwaya ya Room (2010). Chumba kina futi 11 kila upande. Kwa mama aliyetekwa, ni jela. Kwa Jack, mwanawe wa miaka 5 aliyezaliwa humohumo, ndio ulimwengu mzima, na kwa kuwa msimulizi ni yeye, neno la kulalamikia udogo wa chumba lisingekuwa na wa kulitamka. Wakishatoroka, Jack ndiye anayeelemewa na ukubwa wa nje, ngazi zinamtatiza, na anaomba warudi.