Kuwasha data na kuzima hakukuanza na bando

Uko Rulenge au Nyakahura, unawasha data, unatuma ujumbe, unazima. Mbinu hii ni ya zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, shirika la mazingira ELCI la Nairobi lilikuwa na kompyuta kwenye FidoNet, mtandao ulioanzia Marekani mwaka 1984. Mtu aliandika barua zake bila kuunganishwa. Kompyuta ilizibana ziwe ndogo, ikapiga simu, ikazimimina zote kwa mkupuo, ikakata, maana kila dakika ya simu ya nje ililipiwa, tena ghali.

Wakati ule tatizo lilikuwa waya. Leo hata penye mnara, bando la siku linakata mchana, na bei ya mnada wa kahawa inamkuta mkulima data imezimwa. Hapo ndipo tunapohoji gharama.