Mwasho Chini ya Mfuko: Somo Tusilolifundisha

Katika shule zetu za sekondari mwanafunzi hufundishwa safari ya chakula tangu mdomoni hadi mwisho wa utumbo mpana. Huchora mchoro, hutaja vimeng'enya, na hujibu mtihani. Ni nadra kuelezwa kwamba wako watu, pengine katika mtaa wake mwenyewe, ambao safari hiyo imekatizwa njiani. Kwa sababu ya kansa, kujisokota kwa utumbo, ajali, au kasoro ya kuzaliwa nayo, daktari mpasuaji ameutoa utumbo nje kupitia ukuta wa tumbo na kufanya tundu jipya la kutolea kinyesi. Tundu hilo huitwa stoma, neno la Kigiriki lenye maana ya kinywa. Kwa kuwa halina msuli wa kulibana, mwenye nalo huvaa mfuko unaoshikizwa kwenye ngozi kwa bandiko lenye gundi.

Nia yangu hapa ni kuzungumzia mwasho wa ngozi iliyo chini ya bandiko hilo. Wengi huuhesabu kuwa sehemu ya mkosi wao, wakauvumilia kimya kwa aibu. Mimi nashikilia kwamba mwasho huo ni taarifa, wala si majaliwa. Kwamba mara nyingi chanzo chake hupatikana kwa kutazama na kupima. Na kwamba elimu inayotakiwa haizidi ile ya sekondari.

Tuanze na ngozi. Uso wa ngozi yenye afya una asidi kidogo. Kipimo chake cha pH ni baina ya 4 na 6. Asidi hiyo huzuia vijidudu na kuimarisha tabaka la nje. Majimaji yatokayo katika utumbo mwembamba ni ya namna nyingine: huelekea kwenye alikali, nayo yamebeba vimeng'enya vya kongosho vinavyovunja protini na mafuta. Vimeng'enya hivyo havibagui baina ya nyama tuliyokula na ngozi yetu. Kila mpishi wa mwambao ajuaye kulainisha mishkaki kwa papai bichi ameshaiona kazi hiyo kwa macho yake. Majimaji ya utumbo yakipenya chini ya bandiko na kutuama, huifanyia ngozi hai jambo linalofanana na hilo. Huanza mwasho, kisha kuungua, kisha kidonda. Ndiyo sababu mwenye tundu la utumbo mwembamba huteseka zaidi kuliko mwenye tundu la sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, ambaye kinyesi chake kimekwisha kuwa kigumu.

Historia yenyewe inatuonyesha njia. Mwaka 1952 daktari mpasuaji Bryan Brooke wa Birmingham, Uingereza, alieleza namna ya kuukunja mwisho wa utumbo mwembamba, kama mtu akunjavyo mkono wa shati, ili uchomoze juu ya ngozi na kumwaga majimaji ndani ya mfuko. Huko Marekani, Rupert Turnbull wa Cleveland aliikinga ngozi kwa karaya, utomvu mkavu wa mti wa India. Mwaka 1954 Elise Sørensen, muuguzi wa Denmark, alibuni mfuko wenye gundi kwa ajili ya ndugu yake wa kike aliyekuwa na stoma. Hakuna kati yao aliyetafuta dawa ya kupaka juu ya mwasho. Wote watatu walitafuta jinsi ya kuyazuia majimaji yasiguse ngozi.

Kanuni hiyo ndiyo ya kufuata hata leo. Kwanza, kupima. Tundu la bandiko lizidi ukubwa wa stoma kwa milimita 2 au 3 hivi, basi. Aidha, stoma hunywea katika wiki 6 hadi 8 za kwanza baada ya upasuaji. Anayeendelea kukata bandiko kwa kipimo cha siku aliyotoka hospitali huacha ngozi wazi bila kujua.

Pili, kutazama. Bandiko linapobanduliwa ligeuzwe: palipoyeyuka au kuchafuka ndipo majimaji yalipopita. Ngozi nayo isomwe. Wekundu ulio upande mmoja karibu na stoma aghalabu hutokana na kuvuja. Vipele kwenye mashina ya nywele hutokana na kunyoa vibaya au kubandua kwa nguvu. Wekundu wenye unyevu na vidoa vilivyotawanyika pembezoni huashiria kuvu, wapendao joto na jasho, jambo lisilo geni Dar es Salaam wala Mombasa. Hao wana dawa yao, nayo itolewe na mganga. Wekundu wenye umbo kamili la bandiko huweza kuwa mzio, lakini hilo hutokea kwa nadra kuliko watu wadhanivyo.

Tatu, usafi usiodhuru. Maji safi ya uvuguvugu yatosha, na ngozi ikaushwe kwa kugusagusa. Spiriti na dawa za kuulia vijidudu huiunguza. Mafuta huizuia gundi isishike. Palipovuja pasizibwe kwa plasta, bali bandiko libadilishwe mara moja. Na endapo kuna kidonda, damu isiyokoma, au stoma inageuka kutoka rangi nyekundu kuwa nyeusi, mgonjwa aende hospitali bila kuchelewa.

Nitaambiwa kwamba tatizo letu ni uhaba wa mifuko na bei yake, wala si ujinga. Uhaba huo ni wa kweli. Wako wanaojisitiri kwa mifuko ya plastiki na vitambaa, na hospitali zetu hazina budi kuwafikiria. Lakini bandiko lililokatwa vibaya huvuja mapema na kutupwa mapema. Kwa hiyo aliye na michache ndiye anayehitaji zaidi elimu ya kuitumia. Isitoshe, aibu hugharimu kuliko mfuko. Wako wanaojinyima chakula na maji ili mfuko usijae. Kwa mwenye tundu la utumbo mwembamba kujinyima maji ni hatari, kwa kuwa amekwisha poteza msaada wa utumbo mpana katika kufyonza maji na chumvi.

Nawasihi basi walimu wenzangu wa sayansi. Mnapofundisha vimeng'enya, wanafunzi waweke ute wa yai lililochemshwa ndani ya utomvu wa papai bichi, bila kuugusa kwa mikono mitupu, na ute mwingine ndani ya maji matupu, kisha walinganishe. Halafu waelezeni kwamba yuko mtu ambaye ngozi yake hupatwa na jambo kama hilo kwa sababu ya milimita chache za bandiko. Mwanafunzi aliyefundishwa hivyo hatamcheka mwenzake mwenye mfuko. Na siku jamaa yake atakaporejea kutoka hospitali akiwa na stoma, atajua kuchukua rula na kupima.