Barabara ya Mombo–Lushoto ituwazie na sisi wa baiskeli

Mhariri,

Majuzi nilipanda kwa baiskeli kutoka Mombo hadi Lushoto. Ni kilometa 30 na ushei tu, lakini karibu yote ni mlima. Joto la bondeni unaliacha nyuma, na ukifika Soni, penye maporomoko, hewa imeshabadilika. Lushoto yenyewe iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Sijui safari fupi tamu kuliko hii.

Kinachonitia hofu ni kona. Njia ni nyembamba, huku mwamba, huku korongo, na basi hukutokea ghafla. Madereva, tafadhali pigeni honi kabla ya kona. Nao wahusika wa barabara watutengee sehemu za kupisha magari. Watoto wa shule pia hupita humo kwa miguu.

Mpanda baiskeli,
Tanga