Modi za timu zenye watu wachache zifunguliwe lini?

Wadau, leo tuliongelee hili maana linagusa mifuko yetu.

Dominion ya League of Legends, watano kwa watano, ilianza 2011 ikafungwa Februari 2016. Twisted Treeline, watatu kwa watatu, ikafuata Novemba 2019. Zote wachezaji walibaki kiduchu.

Hesabu yenyewe iko hivi: mechi ya Dominion ilitaka watu 10 kwa wakati mmoja, tena wa kiwango kinacholingana. Hao wachache ukiwatawanya saa 24, siku 7, foleni haisogei. Na sisi wa kafe tunalipia hata dakika za kusubiri!

Ila kufungua mara moja kwa mwaka nako ni balaa. Timu isiyofanya mazoezi inasambaratika tu. Destiny 2 iliporudisha Trials of Osiris Machi 2020, waliifungua Ijumaa hadi Jumanne. Kila mtu anajua siku, watu wanakutana.

Kwa hiyo mimi nasema kila wikiendi, ratiba isiyobadilika. Kila siku inaua foleni, mara moja kwa mwaka inaua timu.

Au nyie mnaonaje? Tiririkeni hapo chini.